Baiskeli, Mlima na Karakana ya Jumamosi

Kila wanachuo warudipo kutoka katika mazoezi ya kufundisha, malalamiko huwa ni yale yale: shule hazina zana. Hakuna chati, hakuna mizani, hakuna chumba cha sayansi, na mwalimu hujikuta amesimama mbele ya watoto sabini akiwa na chaki na sauti yake tu. Hatuyadharau malalamiko hayo, kwani shule hizo tunazitembelea na hali yake tunaiona kwa macho yetu. Walakini katika kusimamia mafunzo tumejionea pia jambo jingine, nalo ni kwamba zana iliyo bora kuliko chati nyingi aghalabu huwa imeegemezwa ukutani, nje ya darasa lile lile linalolalamikiwa, ikimsubiri mwenyewe amalize kipindi arejee nyumbani. Zana hiyo ni baiskeli.

Katika shule moja iliyo chini ya milima, upande wa Mombo, tulimkuta mwanachuo akifundisha mashine rahisi. Alikuwa ameichora baiskeli ubaoni kwa chaki za rangi, na mchoro wenyewe, haki yake tumpe, ulikuwa mzuri. Watoto waliunakili kwa muda wa nusu saa. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza kwa nini mnyororo wa baiskeli ya baba yake huchomoka kila apandapo mlima, lakini hauchomoki akiwa bondeni. Akajibiwa kwamba swali hilo halimo katika somo la siku ile. Nasi tuliokuwa tumeketi nyuma tuliweza, kupitia dirishani, kuiona baiskeli ya mwalimu mkuu ikiwa imesimama chini ya mwarobaini, na mnyororo wake umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Mwanachuo yule hatumlaumu. Alifundisha kama alivyofundishwa tangu darasa la kwanza. Lakini swali la mtoto lilikuwa ndilo somo, na jibu lake lilikuwa hatua ishirini kutoka pale alipoketi.

Makala haya yanahusu mambo mawili ambayo walimu wengi huyaona kuwa ni mchezo wa mwisho wa juma tu: kuendesha baiskeli milimani, na kuunda au kutengeneza vitu kwa mikono. Maoni yetu ni kwamba mambo hayo ni sehemu ya ualimu, na kwamba shule ya msingi iliyo katika nchi ya milima kama Usambara, ikiyaacha yapite mlangoni bila kuyakaribisha ndani, inajinyima yenyewe.

Wasiofika Mombo tuwaeleze kidogo. Mji huu uko katika tambarare ya joto, chini kabisa ya Usambara Magharibi, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha na kando ya reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Kutoka hapa barabara hukata upande na kuanza kupanda. Hupita katika korongo, ukuta wa jabali mkono mmoja na bonde mkono wa pili, ikafika Soni penye maporomoko ya maji, kisha ikaendelea mpaka Lushoto, ambayo zama za Wajerumani iliitwa Wilhelmstal. Safari nzima ni takriban kilometa 33, na katika kilometa hizo msafiri hupanda karibu mita 1,000. Anayeondoka Mombo akiwa na jasho hufika Lushoto akitafuta sweta.

Barabara hiyo ina watu wake. Wapo wachukuzi wanaoteremka na mizigo ya kabichi, karoti na viazi. Wapo wageni ambao, tangu utalii wa utamaduni ulipoanza kustawi Lushoto katika miaka ya 1990, hukodi baiskeli za gia na kuzunguka kwa siku kadhaa mpaka Mlalo na Mtae, wakiongozwa na vijana wa huko huko. Na wapo watoto. Siku ya Jumamosi, kazi za nyumbani zikiisha, utawaona katika miteremko ya vijijini na vigari vyao vya mbao: ubao wa kukalia, mti wa usukani, na magurudumu yaliyokatwa kutoka katika gogo la mviringo na kutobolewa katikati kwa chuma cha moto. Wengine hupigilia kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma, wakakikanyaga kwa kisigino kikawa breki. Hakuna aliyewafundisha. Ekseli wameipaka mafuta au sabuni ili isisuguane, na ukiwauliza kwa nini, watakueleza vizuri kuliko kitabu.

Je, mwalimu akikiona kigari hicho hufanya nini? Aghalabu hukinyang'anya. Tumeona stoo ya shule ambamo vigari vinne vya aina hiyo vimerundikwa pamoja na majembe mabovu, na wenyewe wameandikwa katika kitabu cha adhabu kwa kosa la utundu. Neno hilo «utundu» lingestahili makala yake peke yake. Katika Kiswahili chetu mtundu ni msumbufu, na pia ni mtu mwenye akili ya kubuni. Walimu tumezoea kuiadhibu maana ya kwanza bila kutazama kama ya pili imo ndani yake.

Wenzetu wa nchi nyingine wana kisa ambacho chafaa kusimuliwa hapa. Baiskeli ya milimani, ile ambayo vijana wetu huiita baiskeli ya gia, haikuzaliwa kiwandani. Ilizaliwa katika mabanda ya nyuma ya nyumba, katika jimbo la California huko Marekani, miaka ya 1970. Vijana wa kaunti ya Marin walikuwa wakikusanya baiskeli kuukuu za matairi manene zilizokwisha kutupwa, wakazivua kila kisichohitajika, wakazipandisha Mlima Tamalpais na kuteremka nazo katika njia za vumbi. Mwezi Oktoba 1976 wakaanzisha mashindano ya kuteremka yaliyopewa jina la Repack. Jina hilo lilitokana na breki. Baiskeli zao zilikuwa na breki ya kukanyagia nyuma, iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu, na mteremko ulikuwa mkali hata grisi ndani yake ikaungua ikawa moshi. Kila baada ya mbio moja ilibidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi upya. Kutokana na kufungua na kufunga huko wakajifunza kinachovunjika na kisichovunjika. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu mpya iliyokusudiwa mlima tangu mwanzo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua kampuni ndogo ya kuziuza. Mwaka 1996, katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, mbio za baiskeli za milimani zikashindaniwa medali.

Hatukisimulii kisa hiki ili kuwasifu Wamarekani. Tunataka kuonyesha tu kwamba vijana wale na watoto wa Soni wanafanya jambo lile lile, na tofauti iliyopo baina yao si ya akili. Wale walikuwa na jiliwa, msumeno wa chuma na mtu mzima aliyekuwa tayari kuwafundisha kuchomelea, wala hakuna aliyewaandika katika kitabu cha adhabu. Wala haina haja ya kwenda mbali hivyo. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, chukudu, ambayo ni baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, hubeba mkaa, viazi na mbao kwa magunia, nayo imeheshimiwa hata ikajengewa sanamu mjini. Hapa kwetu Arusha, Bernard Kiwia alianza kama fundi baiskeli, kisha akabuni vifaa vinavyotumia nguvu ya baiskeli, kimojawapo cha kuchaji simu, na ni miongoni mwa walioanzisha karakana ya ubunifu iitwayo Twende. Mtoto wa Mombo anapaswa kulijua jina hilo sawasawa na anavyolijua jina la James Watt.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe, kwa kuwa jarida hili ni la mbinu za kufundisha na msomaji ana haki ya kuuliza: nitafundisha nini na baiskeli hiyo?

Anza na hesabu za uwiano, ambazo watoto wa madarasa ya juu huziogopa kuliko zote. Pindua baiskeli, kiti na usukani viguse chini. Mtoto mmoja ahesabu meno ya gia ya mbele, mwingine ya nyuma. Tuseme ya mbele ni 48 na ya nyuma ni 20. Funga uzi mwekundu kwenye spoku moja, zungusha pedeli mara moja polepole, na darasa zima lihesabu uzi umepita mara ngapi: mara mbili na kidogo. Kidogo kiasi gani? Hapo ndipo watoto wenyewe watakapogawanya 48 kwa 20 na kupata 2.4, nao watakuwa wameiona desimali kwa macho kabla ya kuiandika. Kisha pima mzingo wa gurudumu kwa kulibingirisha chini mzunguko mmoja. Kwa baiskeli kubwa za kawaida, kama vile Phoenix, utapata karibu mita 2.2. Kwa hiyo kila mzungusho mmoja wa pedeli humsogeza mwendeshaji mita 5.28. Kutoka Mombo mpaka Lushoto, kilometa 33, atazungusha pedeli mara ngapi? Mara 6,250. Tumeshuhudia darasa la tano likishangilia jibu hilo lilipotoka kamili bila baki.

Hapo usiishie. Leta, au kama huna waza tu, baiskeli ya gia ambayo mbele imewekwa kwenye meno 24 na nyuma kwenye meno 32. Sasa pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu halifikishi hata mzunguko mmoja, bali robo tatu tu. Ikiwa mzingo wake ni mita 2.1, mwendeshaji husogea mita 1.575, na safari ile ile humtaka azungushe karibu mara 21,000. Waulize watoto: mbona basi watu huinunua kwa bei kubwa baiskeli inayowachosha miguu zaidi ya mara tatu? Waache wabishane. Mlima ule kwa wastani huinuka mita 3 katika kila mita 100, kwa hiyo mwenye baiskeli ya kawaida, kila mzungusho mmoja, huunyanyua mwili wake na mzigo wake kwa sentimita 16, na mwenye gia hunyanyua kwa sentimita 5 hivi. Mmoja anapanda ngazi chache zenye vidato virefu, mwingine ngazi nyingi zenye vidato vifupi, na wote wawili wanafika ghorofa ile ile. Mtoto akilielewa hilo ameielewa kanuni ya mashine zote rahisi. Wenzo, roda, mwinamo na parafujo zote husema neno moja: ukipunguza nguvu utaongeza mwendo. Barabara yenyewe ya Soni, kwa kona zake nyingi, ni mwinamo uliorefushwa ili gari liweze kupanda. Na watoto wa Mkumbara waelezwe kwamba hapo kwao, zama za Wajerumani, mbao kutoka misitu ya Shume ziliteremshwa kwa njia ya kamba ya chuma iliyoning'inia juu ya bonde. Historia na sayansi hukutana mahali pamoja.

Na yule mtoto wa mnyororo unaochomoka? Mnyororo uliotumika sana hurefuka kidogo kwa kuwa pini zake zimelika, na meno ya gia nayo huchongoka. Njia ikiwa tambarare kani ni ndogo, hukaa mahali pake. Mlimani, mwendeshaji akisimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote, upande wa juu hukazwa sana na wa chini ukalegea, mnyororo ukapanda juu ya jino badala ya kukaa katikati ya meno mawili. Fundi huivuta ekseli ya nyuma kidogo akaikaza, au akaondoa pingili. Kazi hiyo huchukua dakika kumi na spana moja.

Tumesema mengi juu ya kupanda. Kuteremka ndiko kwenye hatari, na hapa tunataka tueleweke vizuri. Kila mwaka wazazi wa milimani huwa na hofu juu ya vijana wao wanaoteremka na baiskeli zilizosheheni mizigo, breki zao zikiwa ni raba zilizokwisha, katika barabara ile ile inayopandwa na mabasi na malori. Hofu hiyo ina haki. Wapo walimu wakuu wanaosema kwamba, kwa sababu hiyo, shule isijihusishe kabisa na baiskeli. Sisi twaona kinyume. Mtoto atateremka tu, shule ipende isipende, kwani huo ndio mlima aliozaliwa. Shauri lililobaki ni kama atateremka akijua breki ni nini au asijue.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, umkate apate adabu. Kwa heshima zote, methali hiyo haifai kuwa mbinu ya kufundishia. Mwalimu humpa mtoto wembe baada ya kumwonyesha unavyoshikwa.

Kwa hiyo somo la breki lipewe Jumamosi nzima. Mwanachuo na afanye kwanza hesabu hii kwa faida yake mwenyewe. Mtu na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 80, wakateremka mita 1,000, nishati inayopaswa kupotea njiani ni karibu jouli 784,000. Sehemu huchukuliwa na upepo, lakini iliyobaki yote lazima igeuke joto kwenye rimu na raba za breki. Joto hilo, kama lingekusanywa, lingechemsha zaidi ya lita mbili za maji ya baridi. Watoto hawahitaji jouli. Wazungushe gurudumu kwa kasi, washike breki mara kumi, kisha waiguse rimu kwa uangalifu. Waimwagie maji na kujaribu tena, waone jinsi gurudumu linavyokataa kusimama, nao watajua kwa nini baba zao huogopa kuteremka wakati wa mvua. Wapime unene wa raba, ile iliyochakaa na ile mpya. Wajifunze kushika breki zote mbili pamoja mapema kabla ya kona, wala wasingoje kona ifike. Halafu pawepo sheria moja isiyovunjwa: hakuna baiskeli itokayo katika uwanja wa shule bila kukaguliwa na watoto wawili, na hakuna mtoto atakayepelekwa na shule katika barabara kuu ya magari. Vijia vya vijijini vinatosha, navyo ni vizuri zaidi.

Karakana yenyewe isikutishe. Neno hilo humfanya mwalimu awaze jengo la matofali na mashine za umeme, kisha akaketi kungoja mfadhili. Sisi twasema karakana ni kivuli cha mti, meza imara, na sanduku moja linalofungwa kwa kufuli. Ndani ya sanduku muwe na spana za namba zinazotumika zaidi, bisibisi, koleo, nyundo, tupa, msumeno, msasa, pampu, na gundi na vipande vya mpira vya kuzibia pancha. Vijiko viwili kuukuu vitatosha kung'olea tairi, mradi ncha zake zisiwe kali. Baadaye ukipata randa na patasi utaongeza useremala. Jambo ambalo walimu wengi hulisahau ni ubao wenye picha ya kila kifaa iliyochorwa kwa mkaa mahali kinapotundikwa, ili mwisho wa kazi kila mtu aone kilichopotea. Bila ubao huo, sanduku litakuwa tupu kabla muhula haujaisha, na wa kwanza kushutumiwa watakuwa watoto hata kama bisibisi imeazimwa na mwalimu wa zamu.

Wakati unaofaa, katika vijiji vyetu, ni Jumamosi alasiri. Asubuhi watoto wengi huwa madrasani, au shambani, au sokoni na mama zao. Jumapili wengine wako kanisani. Mwalimu asiyejua ratiba ya kijiji atapanga saa tatu asubuhi, kisha atalalamika kwamba wazazi hawana mwamko.

Naye fundi baiskeli wa kijiji aitwe. Yupo kila penye njia panda, na mara nyingi hakumaliza shule, na hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kumwita. Mtoto anayemwona mwalimu wake akimwuliza fundi swali, na kusikiliza jibu, amefunzwa jambo ambalo halimo katika muhtasari wowote. Alipwe kidogo kwa muda wake, kwa sababu saa aliyokaa shuleni hakuziba pancha ya mtu. Mwalimu aweke maneno na hesabu juu ya kile ambacho mikono ya fundi inakijua tayari.

Juu ya wasichana hatuna maneno mengi, kwa kuwa jambo lenyewe ni wazi. Katika vijiji vingi bado husemwa kwamba msichana kupanda baiskeli ni ukosefu wa haya, na katika karakana za shule msichana hupewa ufagio. Huyo huyo ndiye atembeaye mwendo mrefu zaidi, akiwa na ndoo au kuni kichwani. Mwanachuo wa kike akienda mafunzoni akaziba pancha mbele ya darasa, atakuwa amefanya kazi ambayo hotuba kumi za wageni rasmi hazijaifanya. Mavazi yasiwe kisingizio: suruali ya michezo chini ya sketi imekwisha kuwaridhisha wazazi wengi tuliozungumza nao.

Wapo watakaosema kwamba haya yalikwisha kujaribiwa. Ni kweli. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziwe na mashamba na karakana, na miaka ya 1970 vituo vya ufundi vya baada ya elimu ya msingi vikafunguliwa sehemu nyingi. Nje ya Afrika wazo lilikuwa la zamani zaidi: Finland iliingiza kazi za mikono katika shule zake za watu wa kawaida mwaka 1866, kwa juhudi za Uno Cygnaeus. Kwetu, mahali pengi, kujitegemea kuliishia kuwa jembe. Watoto walilima, mwalimu akasimama na fimbo, mahindi yakavunwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini mstari huu umestawi kuliko ule. Watu wengi wamelaumu siasa ya wakati ule. Sisi twaona kosa lilikuwa katika mbinu. Andiko lenyewe lilitaka watoto washiriki katika kupanga na kuamua, na sehemu hiyo ndiyo iliyoachwa. Kazi ambayo mtoto hakuipanga, wala hakuruhusiwa kukosea ndani yake na kusahihisha, hubaki kuwa adhabu hata ikiitwa jina zuri.

Leo nafasi imerudi. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, nao ulianza kutumika Januari 2024. Lakini mtoto atakayechagua amali akiwa kidato cha kwanza bila kuwahi kushika tupa atakuwa anachagua gizani. Msingi wa amali ni shule ya msingi, na shule ya msingi ni wewe, ndugu mwanachuo.

Tunajua hoja ya mtihani. Mwalimu atauliza kama wakaguzi na wazazi watamwelewa akiwa na watoto walio na mikono ya grisi huku shule jirani inafanya majaribio ya maswali ya kuchagua. Jibu letu ni kwamba Jumamosi hainyang'anyi kipindi hata kimoja, na mtoto aliyehesabu meno 48 na 20 kwa kidole chake ataijibu hesabu ya uwiano Jumatatu. Hoja nyingine ni kwamba siku hizi bodaboda zimechukua mahali pa baiskeli, basi yanini kufundisha chombo kinachopita? Bodaboda ni chombo kizuri, ila injini yake imefunikwa. Katika baiskeli kila kinachofanya kazi kinaonekana, tangu unyayo mpaka tairi. Atakayeielewa hiyo ataifungua injini baadaye bila woga.

Limebaki suala moja ambalo wakufunzi wenyewe hatujakubaliana. Je, karakana ya shule ipokee kazi za kulipwa kutoka kijijini? Wengine husema ndiyo, kwa kuwa gundi na raba hununuliwa kwa fedha, na mtoto ajue thamani ya kazi yake. Sisi tunaelekea kusema hapana kwa mwaka wa kwanza. Tumeona jinsi fedha ikiingia, watoto hodari wawili hufanya kazi yote na wengine arobaini hushika taa, kwani mteja hana subira na mtu anayejifunza. Tena fundi wa njia panda, tuliyemwomba aje kutufundisha, atakuwa amefunza washindani wake bila kujua. Afadhali mwanzoni zitengenezwe baiskeli za walimu na za wazazi wa watoto wenyewe, mwenye baiskeli akilipa raba au gundi iliyotumika. Mwaka wa pili, kamati ya watoto ikae na fundi yule, wapatane ni kazi zipi ziwe zao na zipi zibaki kuwa zake, na daftari la mapato likae mikononi mwa watoto, likisomwa kwa sauti mbele ya wazazi kila mwisho wa muhula.